Damu ya Chebet Iliyokataa Kuganda

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja vichupa sita vya glasi. Nilikuwa nimetoka chuoni wiki hiyo hiyo, nikapangiwa zahanati ya shamba moja la chai juu ya Kericho. Koti langu jeupe lilikuwa jipya na mikono yake mirefu kuliko yangu. Nilipogeuka kumsalimia Msimamizi wa Maabara, mkono wa koti ukakumba rafu na vichupa vikaenda chini.

Msimamizi alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Akaangalia vipande sakafuni, kisha akaniuliza jina.

"Rael," nikasema.

"Rael, vilikuwa na damu ya mtu?"

"Hapana, vilikuwa vitupu."

"Basi hujavunja kitu. Chukua ufagio."

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia maabara siku hizi, mnaopata mashine ya kuhesabu chembe za damu kwa dakika moja. Sisi tulihesabu kwa jicho, kwenye darubini, tukibonyeza kihesabio kwa kidole gumba. Asubuhi ilikuwa malaria, mchana minyoo, jioni kupima wingi wa damu wa akina mama wajawazito. Wachumaji walikuja na aproni zao za plastiki zikiwa bado zina umande, wakapanga foleni na kuanza kupiga hadithi.

Wiki ya pili nilipata kichupa cha mama mmoja ambaye damu yake ilikuwa kidogo mno. Nikakimbilia kwa Msimamizi nikisema tuite gari. Yeye hakuinuka. "Majibu yakikushangaza, usiandike kwanza," akaniambia. "Toka nje, ukamwone mwenye damu." Nikatoka, nikamkuta mama ameketi kwenye benchi anamenya muwa, mashavu yake yameiva. Kumbe walikuwa wawili wenye jina moja, na yule mgonjwa wa kweli alikuwa amejilaza nyuma ya jengo, kwenye nyasi. Tulimpata kwa wakati. Tangu siku hiyo sikuwahi kuona aibu kuacha darubini na kwenda wodini.

Nilikaa pale miaka mitatu, nikaolewa upande wa Bomet, nikahamia hospitali ndogo ya misheni iliyozungukwa na mashamba madogo ya chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Maabara ilikuwa chumba kimoja. Tulikuwa na darubini mbili, friji, mashine ya kuzungusha damu, na beseni la umeme la kuweka maji kwenye joto la mwili. Juu yangu walikuwa wakubwa wawili. Daktari Mkuu alikuwa mpasuaji, mtu mkubwa wa mwili, mwepesi wa mikono na wa maneno. Metroni alikuwa mama mfupi aliyesimamia wauguzi wote, na sijaona mtu aliyempita kwa ukali wala kwa huruma. Daktari Mkuu mwenyewe alikuwa akifuta viatu kabla ya kuingia wodi yake.

Ilikuwa miaka ya tisini. Hospitali ikanipeleka Nairobi miezi mitatu kusomea vipimo vya kuganda kwa damu, na nikarudi na daftari lililojaa. Wenzangu walinicheka. Walisema kwetu damu inayotoka ni ya panga na ya uzazi, hiyo hesabu ya sekunde nitampimia nani? Kwa karibu mwaka mzima walikuwa na haki ya kucheka.

Kisha, Jumatatu moja, akaletwa Chebet.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na minane, kutoka upande wa Sigor, mwenye mtoto wa miezi mitatu aliyeitwa Kiplangat. Mikono yake, mbavu zake na mgongo vilikuwa na alama za kuvilia damu, nyingine nyeusi, nyingine za kijani, nyingine zinageuka manjano. Paja la kushoto lilikuwa limevimba, limekaza na lina moto. Alikuja na mume wake, Wesley, fundi wa kupasua mbao. Wesley alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa kama koleo. Metroni alitazama ile mikono, akatazama zile alama, akamaliza hesabu yake papo hapo.

Alimtoa Wesley wodini, akamuuliza Chebet faraghani nani anampiga. Chebet akasema hakuna anayempiga. Metroni alikuwa amelisikia jibu hilo kwa wanawake wengi waliopigwa kweli, na mara nyingi alikuwa sahihi kutoliamini. Akamtumia naibu wa chifu ujumbe aje. Wesley akaambiwa akae nje. Akakaa kwenye benchi chini ya paa la baraza akiwa amembeba mtoto, na mtoto akilia njaa, muuguzi anakuja kumchukua anyonye, kisha anamrudisha.

Daktari Mkuu aliligusa paja, akasema ni jipu la ndani, lazima lipasuliwe mchana huo kabla usaha haujasambaa. Nikaitwa nitoe damu, nipime wingi wake na nitafute ya kumwongezea.

Nilimdunga mara moja tu, nikabana pamba, nikamwambia akunje mkono kama kawaida. Maabara nikakuta damu yake imepungua sana, karibu nusu ya ile anayotakiwa kuwa nayo. Lakini zile chembe ndogo zinazokimbilia kuziba kidonda, tunazoziita chembe sahani, zilikuwa tele. Nikarudi wodini baada ya saa nzima kupeleka majibu, nikakuta pamba yangu imelowa, na damu imechora mstari kutoka kiwiko mpaka shukani. Tundu la sindano lilikuwa halijafunga.

Nikaketi kitandani pake, jambo ambalo Metroni alilikataza.

"Chebet, umewahi kutoka damu namna hii?"

"Hapana. Nimezaa mara mbili, na nimeng'olewa jino. Sikuona shida."

"Nyumbani kwenu je? Ndugu zako walipotahiriwa?"

"Wote watano walipona kama wengine. Hii yangu imeanza mtoto akiwa na miezi miwili. Nikibeba mtungi, alama. Nikilalia mkono, alama." Akashusha sauti. "Wesley hajanigusa, mama. Hata mimi najiuliza ni nani ananipiga."

Niliondoka pale nikaenda moja kwa moja maabara. Hapa niwaeleze kidogo. Damu haigandi kwa chembe sahani peke yake. Ndani ya yale maji ya manjano ya damu, plazma, kuna protini kadhaa zinazoamshana moja baada ya nyingine, na wataalamu wamezipa namba. Moja ikikosekana, mnyororo unakatika. Kuna watu huzaliwa bila protini namba nane, na hao karibu wote huwa wanaume, na huonekana mapema, mara nyingi siku ya kutahiriwa. Chebet hakuzaliwa hivyo.

Kile kipimo nilichosomea tulikiita PTT. Unatia plazma kwenye kichupa ndani ya maji ya joto la mwili, unaongeza dawa ya kuiamsha, mwisho maji yenye chumvi ya kalsiamu, unabonyeza saa na kuanza kukiinamisha kichupa taratibu mpaka uone nyuzi za kuganda. Plazma ya mtu mwenye afya iliganda kwa sekunde thelathini na nne. Ya Chebet ilifika tisini ikiwa bado inateleza kama maji. Nikarudia mara tatu, ikawa vile vile.

Nilimkuta Daktari Mkuu anakunja mikono ya shati kwenda kunawa.

"Daktari, huyu mama damu yake haigandi. Nafikiri lile si jipu. Ni damu imemwagikia ndani ya nyama."

Akaitazama karatasi. "Kama ana upungufu, nitamwekea plazma ya watu wengine, kisha nipasue."

"Kama ni upungufu, plazma itamsaidia. Lakini kama kuna kitu ndani ya damu yake kinachoiharibu ile protini, hata umwekee ndoo nzima itaharibiwa yote. Ukimkata, hatutaweza kuizuia."

"Utajuaje ni lipi kati ya hayo mawili?"

"Nichanganye plazma yake na ya watu wenye afya, nusu kwa nusu. Kama ni upungufu, itajazwa na itaganda sawasawa."

"Fanya haraka," akasema.

Nilihitaji damu ya watu watatu wenye afya. Nikatoa yangu. Metroni akanipa mkono wake bila kuuliza. Kisha nikatoka nje kwa Wesley, kwa sababu wauguzi wengine walikuwa na kazi na yeye alikuwa ameketi tu. Nilipoingia na kichupa chake, Metroni akakitazama.

"Hata yake?"

"Damu yake ni nzima, Metroni."

"Damu, labda," akasema.

Nikachanganya. Sekunde arobaini na moja. Karibu kawaida kabisa. Daktari Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatabasamu. "Umeona? Imejazwa. Ni upungufu tu. Tayarisha plazma, tunapasua."

Hapo ndipo nilipolishukuru daftari langu. Kwenye ukurasa ule nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu kwamba kingamwili nyingine ni za polepole. Kingamwili ni askari wa mwili. Kwa kawaida wanapigana na wadudu wa magonjwa, lakini mara chache sana, kwa mzee au kwa mama aliyetoka kujifungua, wanamgeukia mwenyeji wao na kuikamata protini moja wakidhani ni adui. Hawafanyi kazi hiyo mara moja. Wanataka joto la mwili na muda.

"Daktari, bado. Ule mchanganyiko lazima ukae kwenye joto masaa mawili, kisha nipime tena."

Akaacha kutabasamu. "Rael, kama lile ni jipu, masaa mawili yanaweza kumuua. Unaelewa hilo?"

"Naelewa."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro robo. "Nakupa mpaka saa kumi. Saa kumi napasua."

Nikaweka vichupa kwenye beseni. Kimoja kilikuwa na mchanganyiko. Pembeni yake nikaweka plazma ya Chebet na ile yetu kila moja peke yake, ili nizichanganye mwishoni tu kwa kulinganisha, maana plazma yoyote huchoka kidogo ikikaa. Hazikupita dakika ishirini, mbingu ikafunguka. Mvua ya mawe ikapiga mabati mpaka hatukusikiana, majani ya chai nje ya dirisha yakapukutika, na umeme ukakatika. Taa nyekundu ya beseni ikazimika.

Jenereta ilikuwa ya chumba cha upasuaji peke yake. Nilisimama pale nikitazama kipimajoto kikianza kushuka, nikahisi machozi karibu. Metroni akaingia.

"Unataka nini?" akauliza.

"Maji yasishuke chini ya joto la mwili, wala yasizidi."

Akatoka. Akarudi na birika la jikoni, chupa tatu za chai zilizojazwa maji ya moto, na blanketi la mgonjwa. Tukalizungushia beseni blanketi kama tunamfunika mtoto. Yeye akashika kipimajoto, mimi nikashika kikombe. "Thelathini na sita na nusu," anasema, namimina kidogo. "Thelathini na saba. Acha." Tukaendelea hivyo, na katikati akawa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani.

Nikamweleza ninachodhani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo zile alama zinatoka ndani," akasema.

"Kama nimekisia sawa, hakuna mkono wowote uliompiga."

Kupitia dirishani tulimwona Wesley kwenye benchi. Upepo ulikuwa unasukuma mvua mpaka barazani. Alikuwa amevua koti lake, amemfunika mtoto, na yeye mwenyewe shati limelowa mgongoni. Metroni akamtazama muda mrefu, kisha akarudisha macho kwenye kipimajoto. "Thelathini na sita na nusu," akasema.

Saa kumi kasoro dakika kumi nilisogea na vichupa dirishani nipate mwanga. Mchanganyiko wa kulinganisha, niliouchanganya wakati huo huo, uliganda kwa sekunde arobaini na tatu. Nikachukua ule uliokaa pamoja masaa mawili, nikabonyeza saa, nikaanza kuinamisha. Arobaini. Hamsini. Sitini. Metroni alikuwa amesimama nyuma yangu hapumui. Sabini na nne. Nikarudia, sabini na sita. Mara ya tatu, sabini na tano.

Plazma yetu sote watatu, ya kwangu, ya Metroni na ya Wesley, ilikuwa imeliwa.

Tulikwenda chumba cha upasuaji kwa mwendo ambao wauguzi hawaruhusiwi kutembea, na Metroni alikuwa mbele. Chebet alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, mlangoni. Daktari Mkuu alikuwa amevaa glavu. Akasoma karatasi nikiwa nimeishika.

"Umerudia?"

"Mara tatu."

Akavua glavu moja, akavua ya pili. "Mrudisheni wodini," akasema. Na mimi akaniambia polepole, "Kama nimekosea kungoja, tutajibu sote wawili."

"Ndiyo, Daktari."

Akaenda kwenye simu na kuzungusha mpaka akampata mtaalamu wa damu wa Nairobi, mama mmoja mwenye sauti ya kutuliza. Nilikuwa karibu, nikamsikia. Msimkate. Msimdunge sindano ya nyama. Asipewe aspirini. Mwongezeeni chembe nyekundu taratibu, mwanzishieni prednisoloni ya kuwatuliza hao askari, na mnitumie plazma kwenye barafu. Ugonjwa huo ni wa kuzaliwa kwa wengine, huyu ameupata ukubwani, na wengi wa akina mama waliojifungua hupona. Tulituma plazma kesho yake. Majibu yalirudi baada ya wiki: protini namba nane karibu hakuna, kingamwili dhidi yake zipo.

Lakini Metroni hakungoja wiki. Jioni ile ile alitoka barazani, akasimama mbele ya benchi.

"Wesley, nilikuhukumu bila kujua. Ingia ukae na mke wako."

Wesley akainuka, mtoto begani. "Ulikuwa unamlinda, Metroni. Hakuna ubaya."

Asubuhi yake naibu wa chifu akafika kwa baiskeli, tope mpaka magotini, amekuja kukamata mtu. Metroni ikabidi amketishe ofisini, amweleze habari za protini namba nane na kumwandalia chai na mkate. Yule bwana akaandika kitabuni mwake kwamba mshukiwa ni damu.

Chebet alikaa nasi majuma tisa. Tulibandika karatasi juu ya kitanda chake: HAKUNA SINDANO BILA RUHUSA. Nilimtoa damu mara moja kwa wiki kwa sindano nyembamba kuliko zote, na baada ya hapo lazima tundu libanwe dakika ishirini bila kuachia. Metroni aliamua kazi hiyo ni ya Wesley. Alikuwa akija kila Ijumaa, anaweka kidole gumba juu ya pamba na kutulia tuli, anamsimulia mkewe ng'ombe gani amezaa na nani amevuna mahindi.

Haikuwa rahisi. Wiki ya tatu sekunde zilikuwa bado themanini na tisa, na asubuhi moja puani kulitoka damu mpaka saa sita. Daktari Mkuu alinipita kwenye ukumbi bila kunisalimu, nikajua anawaza kama mimi. Tukaita wachangiaji, tukamwongezea chupa mbili, tukasubiri. Wiki ya nne, sitini na nane. Nikadhani nimekosea, nikaenda kumwona. Alikuwa ameketi ananyonyesha, na alama mpya hakukuwa na hata moja. Wiki ya sita, hamsini. Ya nane, thelathini na nane. Ule uvimbe wa paja ukalainika, ukanywea, ukaisha bila kisu.

Prednisoloni hujaza mashavu. Mama mkwe wake alipokuja kumwona alimkuta na uso wa mviringo kama mwezi, akafurahi sana, akamwendea mpishi wa hospitali kuuliza anawapa wagonjwa nini. Siku ya Chebet kuondoka, mama mkwe huyo alituletea kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, akakataa kurudishiwa kibuyu kabla hakijamalizwa, kwa hivyo tukamaliza pale pale, Daktari Mkuu akiwa na alama nyeupe juu ya mdomo.

Miaka kadhaa baadaye Chebet alizaa tena, msichana. Nilimpima kila mwezi kabla na baada. Hakikutokea kitu.

Katika miaka yangu yote niliuona ugonjwa huo mara mbili tena. Mmoja alikuwa mzee kutoka Sigowet, tukamtambua siku ya pili, akapona. Mwingine alitufikia akiwa tayari amepasuliwa hospitali nyingine, na hatukuweza kumwokoa. Nikiwa peke yangu shambani, yeye ndiye ninayemfikiria zaidi. Mashine zenu zitawapa namba kwa haraka kuliko nilivyoweza mimi, na ni vizuri. Lakini namba itakaposema jambo lisilolingana na mtu, mtu yuko umbali wa hatua chache tu, na kwa kawaida atafurahi mkimtembelea.

Mimi nimestaafu. Nina ng'ombe wawili, chai kidogo na magoti yanayolalamika. Siku za soko naenda Bomet, na huko napata shida moja tu. Watu wananisimamisha, wananishika mkono, wanauliza kama nawakumbuka. Juzi mama mmoja muuza kabeji aliniuliza hivyo, akanitazama akingoja. Nikatafuta jina lake kichwani, sikulipata popote. Nilichokumbuka ni kwamba damu yake ni kundi O hasi, lile adimu, na kwamba nilimwita mara tatu kuchangia na mara zote tatu alikuja.

Hilo si jambo la kutangaza sokoni. Nikamwambia namkumbuka vizuri sana, na ilikuwa kweli.